Ombi la Kumzuia Everline Asitoze Ada ya Nyimbo Kila Mwezi

Kwa Mzee Simiyu, babake Everline,
Jericho.

Mzee wetu, pokea salamu za kamati ya kanisa. Tunatumai goti limepata nafuu.

Jumapili iliyopita binti yako alitangaza kwamba programu ya nyimbo aliyotuundia kwenye simu italipiwa shilingi ishirini kwa mwezi, la sivyo ataifunga aende kutafuta kibarua kiwandani. Mashindano ya kwaya ni wiki ijayo, pale Makadara. Vitabu vya nyimbo tulishawauzia wauza njugu. Malalamiko yetu ni haya:

1. Everline alilipwa. Mwaka wa 2021 tulimpa shilingi elfu sita, soda mbili na makofi ya kanisa zima. Fundi wa viti alilipwa mara moja na hajarudi kudai. Ni kweli viti vinne vimevunjika na hajarudi kuvitazama pia, lakini hiyo ni ajenda nyingine.

2. Anasema kila simu zikibadilika lazima airekebishe programu. Mwaka jana aliirekebisha mara kumi na moja. Tulimwombea mara kumi na moja. Kumbukumbu za vikao ninazo.

3. Awali alijaribu kujilipa kwa matangazo. Kwenye mazishi ya Mama Khalayi, kati ya ubeti wa pili na wa tatu, simu zote zikaonyesha dawa ya kupunguza tumbo. Mchungaji, ambaye umbo lake unalijua, alijifunika tumbo kwa Biblia. Tuliamuru matangazo yatolewe. Yakatolewa, na mapato yake yakaisha siku hiyo hiyo. Kamati haioni uhusiano.

4. Triza wa sauti ya pili alimuuliza, "Wewe dada, nyimbo ni za Mungu, unatuuzia?" Everline akajibu kwamba nyimbo ni za Mungu, lakini stima ya kompyuta anainunua yeye. Alijibu hivyo mbele ya watoto wa shule ya Jumapili.

5. Kuna zahanati huko Buruburu inayomlipa kila mwezi kwa programu ya foleni ya wagonjwa. Ndiko alikojifunza tabia hii ya kula kila mwezi.

Tunakuomba, kama mzazi, umwelekeze aitunze programu maisha yake yote bila malipo. Asihofu chakula. Tumepiga hesabu na kuona kwamba pensheni yako ya reli, kwa kuwa inaingia kila mwezi, itawatosha nyote.

Msalimie Mama Everline, na Odera wa mlango wa pili, na wote wanaokuja kukujulia hali.

Wako katika huduma,
Griffins Mulongo,
Katibu wa Kamati.

Tanbihi: Nilikuwa nasahau. Sadaka imeshuka. Tumegundua kwamba mtu akitoa mara moja hudhani amemaliza, ilhali paa la kanisa huvuja kila mwaka. Tafadhali mwambie Everline aongeze kwenye programu kitufe cha kuchangia kanisa shilingi ishirini kila mwezi, na asiyechangia, afungiwe nyimbo. Tunakihitaji kufikia Jumapili. Makofi tutampigia.