Tairi Lisilojua Pancha

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Siku kubwa! Mama Hadjara, mpika sabuni, anatafuta mtu wa kumbebea mizigo. Si kibarua cha siku moja, kazi ya kudumu! Mafuta ya gari hayaonekani Rumonge nzima, pikipiki zimelala, wateja wa sabuni wanalalamika kule Bugarama, na mawese ya kupikia hizo sabuni yanamngoja huko Kizuka. Kwa hiyo baiskeli. Kwa hiyo mimi!

Tatizo dogo: Rachid. Naye anaitaka. Mama Hadjara ameamua twende sote wawili siku ya Alhamisi, tupandishe sabuni Bugarama, tulale huko, Ijumaa tushuke kupitia Kizuka tukiwa na bidoni za mawese. Atakayemridhisha, kazi ni yake. Jina langu halikuwemo kabisa mwanzoni. Ni mke wangu Fahima, anayekata sabuni pale kwake, aliyeniombea. Alimwambia kwamba siku hizi nimetulia. Fahima ana imani kubwa.

Rachid huyo ana baiskeli ya chuma, nzito, ya zamani. Akipata pancha anashuka, anatoa gundi na kiraka, anabandika, anaendelea. Maisha gani hayo? Baiskeli yangu aliniachia Jessica wa ule mradi wa maji alipohamia Bujumbura. Matairi yake hayana mpira wa ndani. Hayana! Ndani mna dawa nyeupe. Mwiba ukiingia, dawa inalikimbilia tundu na kuliziba, wewe huku unakanyaga pedali na kupiga mluzi. Nilimweleza Rachid hayo yote sokoni, mbele za watu. Akauliza mbona tairi la nyuma limelala chini. Nikamjibu kwamba linapumzika.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Halipumziki. Limekufa. Nimelifungua upande mmoja na dawa yote imekauka, imebaki utando kama wa maziwa kwenye sufuria. La mbele vilevile. Hofu kubwa!

Nikampigia binamu yangu Kassimu, anayeuza spea za baiskeli Bujumbura. Aliuliza mara ya mwisho niliongeza dawa lini. Kuongeza? Nani alisema inaongezwa? (Jessica alisema. Lakini wakati anasema nilikuwa natazama gia.) Kassimu akanipa somo. Dawa hukauka, na joto letu la ziwani huikausha upesi zaidi. Kila baada ya miezi miwili mitatu unatikisa gurudumu karibu na sikio. Ukisikia inachezacheza, sawa. Ikinyamaza, ongeza.

Tena ziko aina. Moja imetengenezwa kwa utomvu wa mpira: inaziba haraka, hata tundu la msumari, ila nayo inakauka haraka. Nyingine haina utomvu: inadumu, lakini inaweza vitundu vidogo tu. Kwa mtu wa mizigo na miiba, alisema, chukua ya utomvu, ile yenye chembechembe ndani, maana chembe ndizo zinazojipanga tunduni na kuziba. Tikisa chupa sana kabla ya kumimina. Usiichanganye na kitu chochote. Alirudia hilo la kutochanganya mpaka nikamwambia inatosha, mimi si mtoto. Ataweka chupa kwenye basi la kwanza litakalopata mafuta. Kassimu ni mtu mzuri, ila anaongea sana.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Chupa imefika! Ndogo! Inatosha gurudumu moja tu. Nikampigia Kassimu tena. Alisema ndiyo hiyo iliyokuwepo, niimimine yote nyuma, kwenye mzigo, na mbele niweke mpira wa ndani kama watu wote.

Kama watu wote! Mbele ya Rachid! Nilikaa barazani nikiwa na hasira. Ndipo wazo likaja, na lilikuja lenyewe, sikulitafuta. Dawa ni majimaji mazito yenye chembe. Je, Rumonge tunakosa majimaji mazito? Tunayapikia, tunayapaka, tunayageuza sabuni. Mawese! Nikagawa chupa nusu kwa nusu, kila tairi nikalijazia mawese. Na chembe? Ndagala! Nikachukua ndagala wakavu, dagaa wetu wa ziwani, nikawatwanga mpaka wakawa unga. Mchanganyiko ulitoka rangi ya chungwa bivu. Nilikuwa na furaha hata nikaimba.

Fahima alirudi kazini, akanusa kinu chake, akatazama matairi, akakaa chini polepole.

“Mawese inagandaga ku baridi, Baba Zainabu,” akasema. “Kila mwanamuke wa hapa anajua ile. Na Bugarama iko baridi.”

Nikamfafanulia kwamba kitu kinachoganda ni kile kilichotulia, kama chupa ya jikoni. Gurudumu linazunguka. Kinachozunguka hakipati nafasi ya kuganda. Akainuka, akaenda kuosha kinu chake. Kwa hiyo nimemshinda kwa hoja.

Kulikalisha tairi kwenye ringi ilikuwa vita. Napampu, hewa inatoka pembeni. Napampu tena, inatoka. Mwishowe nikapaka povu la sabuni kandokando, nikapampu kama mwendawazimu, na pah! Likakaa! Majirani walitoka nje kuona nini kimelipuka. Niliwapungia mkono.

Alhamisi, tarehe 10 Julai, Bugarama

Ushindi! Ushindi mtupu!

Rachid alipata pancha kabla hata hatujauacha mji vizuri. Nilimpita akiwa amechuchumaa na gundi yake. Nikamsalimu kwa heshima zote na kumuuliza kama anahitaji msaada, nikiwa tayari nimeshapita.

Halafu muujiza! Kwenye kilima cha pili nikasikia fsss kutoka tairi la mbele. Mwiba mrefu kama kidole. Fsss ikapungua. Ikanyamaza! Tairi gumu vilevile! Nilipiga kelele peke yangu barabarani, mama mmoja aliyekuwa analima akasimama kunitazama. Mwiba nimeuacha palepale ulipo. Ni ushahidi. Nitauonyesha Rumonge nzima kesho.

Sabuni nimezikabidhi zote. Mbwa wa hapa wana adabu mbaya, wanalamba magurudumu yangu na hawafukuziki. Rachid alifika baadaye sana, nguo zimelowa jasho. Akanisalimu, amahoro, akakata mkate wake, nusu akanipa mimi. Nadhani anajipendekeza, maana ameona mambo yanakoelekea.

Baridi kali. Nimeomba blanketi la ziada.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Niandike hili upesi, kabla sijakosa nguvu.

Asubuhi baiskeli ilikataa kwenda kama baiskeli. Ilikuwa inaruka. Kila gurudumu likizunguka, dup! Dup! Kana kwamba nimefunga jiwe ndani. Mawese yalikuwa yameganda upande mmoja wa tairi, rundo moja. Rachid aliuliza ni kitu gani kinagonga. Nilimwambia ni mtindo wa mlimani, unazuia kuteleza. Akaitikia kwa kichwa. Nilishuka nikirushwa hivyo, meno yanagongana, mpaka jua lilipopanda na mambo yakalainika. Laini kabisa! Nikasahau shida zote papo hapo.

Kizuka tukapakia bidoni. Nikaona tairi la nyuma limepungua, linavuja mawese mekundu kandokando ya ringi. Dawa imepungua, na Kassimu mwenyewe alisema ikipungua, ongeza. Sasa nilikuwa na nini cha kuongeza? Nilikuwa na bidoni za Mama Hadjara. Nikafungua moja, nikachota kikombe, nikamimina tairini. Sikuiba! Mawese yalikuwa yanakwenda Rumonge kwa Mama Hadjara, na bado yalikuwa yanakwenda Rumonge kwa Mama Hadjara. Yamebadilisha chombo tu.

Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Nikafika wa kwanza! Wa kwanza! Rachid hata haonekani! Watu walikuwa wanatoka sala ya Ijumaa, barabara imejaa kanzu nyeupe, na Mama Hadjara amesimama mlangoni kwake, shela jeupe, uso umefurahi. Fahima nyuma yake na kisu cha kukatia sabuni, naye anatabasamu. Kama ningeshuka tu nikanyamaza!

Lakini watu walikuwa wengi, na mwiba ulikuwepo. Nikatoa hotuba fupi juu ya matairi ya kisasa. Nikainua gurudumu la mbele, nikalielekeza kwa Mama Hadjara ili aone vizuri. Nikauchomoa ule mwiba.

Kumbe mwiba ndio uliokuwa umeziba.

Mawese yalitoka kwa mstari mmoja, mekundu, ya moto kwa jua, na unga wa ndagala ndani yake. Shela. Uso. Ukuta. Watu walirudi nyuma. Mama Hadjara hakurudi. Alijifuta shavu kwa kidole, akanusa kidole, akanitazama. Kwa miaka yote hii anapigana na wabebaji wanaompunja mawese njiani. Ameshakuta bidoni yenye maji, bidoni yenye mawe chini. Nilimwona akiwaza, na nikajua anachowaza.

“Nasoro,” akasema polepole, “mafuta yangu iko inafanya nini mu matairi yako?”

Nikasema ni dawa. Wakati huohuo paka akaja akaanza kulamba gurudumu. Mama Hadjara akafungua bidoni moja, imejaa. Akafungua ya pili. Haikujaa. Nikaanza kueleza habari ya kubadilisha chombo, lakini watu walikuwa wanapiga kelele kwamba sasa wezi wamefika mpaka kuficha mawese ndani ya tairi, na mzee mmoja akasema hili hajawahi kuliona tangu azaliwe. Fahima alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha Rachid akaingia taratibu, gundi mpya vidoleni, bidoni zote zimejaa mpaka shingoni.

Kazi ni yake.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Sikutoka nje. Watoto wanapita mbele ya nyumba wakiniuliza kama nina tairi la mawese la kuuza.

Fahima aliitwa na Mama Hadjara akaulizwa kama alijua. Aliulizwa hivyo mbele ya wakataji wenzake, yeye ambaye hajawahi kurudi nyumbani hata na kipande cha sabuni bila kuomba. Hajafukuzwa, lakini sasa wanaukagua mfuko wake akitoka. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

“Nilikusimamia, Baba Zainabu,” akasema. “Sasa sijui uso wangu nitauweka wapi.”

Iliniuma. Iliniuma kwelikweli, sikumaliza chakula. Nilimwapia kwamba nimekoma.

Jioni akaja nani? Rachid! Nilidhani amekuja kucheka. Akakaa, akanywa chai, akasema sabuni za Bugarama ni nyingi kuliko baiskeli moja, na kwamba amemwomba Mama Hadjara anijaribu tena Jumatatu. Mama Hadjara hakutaka. Rachid akamsihi, Fahima naye akalia, ndipo akakubali kwa sharti moja tu: niweke mipira ya ndani kama watu wote, na nikikosea safari hii, mimi na Fahima wote wawili tusikanyage tena kwake. Kisha Rachid akatoa mfukoni mipira miwili, mipya, bado ina unga wa dukani. Zawadi yake kwangu. Nilimshukuru, murakoze, murakoze sana, na machozi yalikuwa karibu. Mtu huyu nilimdharau bure. Mimi ni mtu mwingine kuanzia leo!

Jumapili, tarehe 13 Julai

Asubuhi nzuri sana! Nimeamka na akili nyepesi, nikakaa barazani kulichunguza kosa langu kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa lilikuwa nini hasa?

Kuchanganya? Hapana. Tairi lilifika Rumonge la kwanza. Ndagala? Hapana, ingawa nakubali harufu. Kosa lilikuwa rangi! Yangetoka majimaji yasiyo na rangi, nani angesema mawese? Nani angesema wizi? Wangepiga makofi! Nimeshangaa sikuliona mapema.

Sasa sokoni kuna mama anauza mafuta ya kokwa za michikichi, yale meupe, safi, unaweza kuona kidole chako ng’ambo ya chupa. Alinionya kwamba nayo huganda kwenye baridi, lakini hilo jua hulimaliza. Hakutaka kunikopesha. Lakini mwanawe ana baiskeli, na aliipenda sana ile mipira ya Rachid. Tukabadilishana. Chupa kubwa, imejaa! Safari hii badala ya ndagala nimetumia unga wa muhogo, hauna harufu na paka hawautaki. Matairi yote mawili yamekaa kwenye ringi kwa mara ya kwanza tu. Pah! Pah! Nimetikisa magurudumu sikioni na dawa inacheza ndani vizuri sana. Kassimu angejivunia.

Fahima aliporudi akayabonyeza matairi, akaona ni magumu. Akauliza kama mipira ya Rachid imo ndani. Nikamwambia imo. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Ijumaa, akavaa mtandio wake akaenda kwa Mama Hadjara kumthibitishia mwenyewe kwa mdomo wake.

Kesho nitatoka mapema, kabla jua halijachomoza, kungali na baridi nzuri ya kupandia mlima.