Benchi la Kutazama Nambari Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Leo wanafunzi wa usanifu majengo wamevamia uwanja wetu mdogo. Kumi na mmoja! Futi za kamba, kamera, penseli nyuma ya masikio. Wamepima kila kitu, hadi pipa la taka. Hata mbwa wa muuza mikate walimzunguka mara mbili, wakaandika kitu.

Mmoja akanijia. Nele Dierickx, mwaka wa tatu, nywele kama ufagio mpya, daftari la njano. Chuo kimewapa kazi wabuni upya uwanja pamoja na sisi wakazi. Mchoro utakaoshinda watakuja kuujenga kwa mikono yao mwezi wa nne. Akaniuliza, Bwana Odilon, unatamani nini hapa?

Swali gani hilo la kumuuliza mtu saa tatu asubuhi! Nikakohoa. Nikasema, benchi.

Likitazama wapi?

Nikapunga mkono ovyo-ovyo, ionekane ni upande tu. Kwa kweli nilikuwa nikionyesha jengo nambari kumi na nne, ghorofa ya tatu, dirisha la kushoto lenye maua mekundu.

Akasema huko ni kaskazini, jua litampiga mkaaji mgongoni na upepo ataupata usoni. Nikasema ngozi yangu haipatani na jua. Akaandika na hilo.

Humu nitasema kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Miaka kumi na moja nilikuwa fundi wa lifti ya nambari kumi na nne. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bibi Clothilde Haegeman, mshonaji, mjane, alikuwa ananiletea kahawa pale ngazini, na biskuti mbili kisahanini. Kisha anasimama kunitazama nikipaka grisi. Maishani mwangu hakuna mwingine aliyewahi kunitazama nikipaka grisi. Mwaka juzi wakabadilisha lifti, na wiki hiyohiyo wakanistaafisha. Sasa sina sababu ya kuingia mlango ule. Nimebaki na suruali. Nimempelekea nne azipunguze urefu. Ya tano niliipeleka Ijumaa. Nikitembea naonekana kama mtu anayevuka kijito.

Jumanne, 5 Machi

Wanafunzi wameacha sanduku la maoni dukani kwa muuza mikate, na rundo la fomu. Nimechukua fomu ishirini na tatu. Nimejaza zote kabla ya chakula cha mchana. Kumi kwa mkono wa kulia, nane kwa wa kushoto, tano kwa herufi za mtoto wa shule. Kila mtu anataka benchi. Kila mtu anataka litazame nambari kumi na nne. Sababu nimezitofautisha kwa ustadi: mgongo, upweke, kupenda matofali ya zamani.

Ninayejivunia zaidi ni Bi Ludovica Pien, umri miaka tisini na mmoja. Ameandika, "Sina muda mrefu. Nipeni pa kukaa." Karibu nilie mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Mkutano wa wakazi, chumba cha juu cha maktaba. Msiba.

Nele alisimama akiwa ameng'aa uso. Akasema hajawahi kuona mtaa wenye sauti moja namna hii, watu ishirini na watatu, benchi moja, upande mmoja! Hapo akainuka Firmin Baert, mwenyekiti wa klabu ya kurusha matufe ya chuma, anayetaka uwanja mzima uwe wa matufe yake. Akasema mtaa wetu una nyumba kumi na tisa, na yeye anawajua wote waliomo hadi paka. Huyu Ludovica Pien ni nani?

Nikahisi masikio yanawaka. Ndipo Bibi Clothilde, aliyekaa safu ya mbele na koti lake la kijivu, akasema kama kuna bibi wa miaka tisini na mmoja anayetaka pa kukaa, basi akae, na Firmin anyamaze. Angependa kumpelekea supu. Anaishi wapi?

Nikajisikia nikisema, "Kwangu. Ni shangazi yangu."

Firmin akanigeukia taratibu. "Fundi, wewe una miaka sitini na sita. Shangazi yako umemtoa wapi leo?"

"Kortini kwako sijafika bado," nikamwambia.

Watu wakacheka. Bibi Clothilde hakucheka. Alinitazama, kisha akasema atakuja Jumamosi na supu ya vitunguu majani.

Anakuja kwangu! Ndani ya nyumba yangu! Nimesafisha hadi nyuma ya jiko. Imebaki kupata shangazi.

Jumamosi, 9 Machi

Alikuja saa kumi kamili. Nilifunga mlango wa chumba cha kulala na kusema shangazi amelala. Akaweka sufuria mezani, akavua glavu, akakaa. Dakika arobaini! Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani nyuma ya kichwa chake.

Tulizungumza kuhusu lifti. Akasema lifti mpya ina sauti ya mwanamke anayetaja ghorofa, kana kwamba watu hawajui wanakokaa. Ya zamani ilikuwa inaguna kabla ya kusimama ghorofa ya tatu, naye alikuwa akiusikia huo mguno anajua kuna mtu anakuja. Sasa watu wanatokea tu mlangoni kama mizuka.

Ule mguno niliuacha makusudi. Ningeweza kuuondoa mwaka wa kwanza. Robo saa tu, na bisibisi. Sikumwambia.

Mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mwenyewe, Odilon? Benchi hili unalitakia nini?"

Bila "Bwana". Odilon tu. Miaka kumi na tatu nasubiri hilo. Nikafungua kinywa.

"Miguu ya shangazi," nikasema. "Inamvimba."

Akaitikia kwa kichwa. Akashuka ngazi. Nimekula supu yote. Sehemu ya shangazi pia.

Jumatano, 13 Machi

Maonyesho ya kazi za wanafunzi yamefunguliwa maktabani. Profesa wao anakuja kesho saa tisa kutoa alama na kuchagua mshindi. Nikaenda kutazama benchi langu.

Nele ametengeneza modeli nzuri ya kadibodi na vijiti. Miti, taa, hata mbwa. Na benchi, likitazama nambari kumi na nne barabara! Lakini mbele ya benchi kuna ukuta. Ukuta! Mrefu kuliko mtu! Maelezo yake: "Kwa ajili ya Bi Ludovica, ili upepo wa kaskazini usimpige kifuani." Ameweka na sehemu za kuegemeza mikono, kwa sababu ya miguu yake.

Mtoto mwema. Ameniharibia kila kitu.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Nikaushika ukuta kwa vidole viwili. Nilikusudia kuung'oa tu, kwa utulivu, kama fundi. Sikujua gundi ilikuwa haijakauka. Ukuta ukaja. Benchi likaja. Mti mmoja ukaja. Vyote vikanasa kwenye mkono wa sweta langu, na mlinzi wa maktaba akaanza kuja upande wangu. Nikatoka nikiwa nimeukunja mkono kifuani kama mgonjwa.

Nje nikakutana na Firmin. Akaangalia sweta langu. Akasema, "Fundi, una mti."

Nikapita.

Alhamisi, 14 Machi

Nilimkuta Nele saa nane, amekaa sakafuni mbele ya modeli yenye shimo, amefunika uso kwa daftari lake la njano. Nikampa mfuko wa karatasi. Akatoa ukuta, benchi, mti. Akanitazama.

Nikamwambia hakuna shangazi.

Mwanzo hakuelewa. Kisha akaelewa sana. Akasema wiki nzima amekuwa akimfikiria yule bibi. Amekwenda kupima viti kwenye nyumba ya wazee ili ajue urefu unaofaa magoti ya miaka tisini na mmoja. Amemsimulia mama yake kwenye simu. Na wale wengine ishirini na wawili?

Nikasema nao vilevile.

"Kwa hiyo mtaa mzima ni wewe?"

"Karibu."

Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku niliyokwama mwenyewe kwenye lifti niliyotoka kuitengeneza. Akaniuliza basi ni kwa nini. Safari hii sikukohoa. Nilimweleza dirisha. Nikaeleza kahawa, biskuti mbili, mguno wa ghorofa ya tatu. Nilimwambia natamani tu niwe na mahali halali pa kukaa ambapo nikiinua macho, namwona anamwagilia maua yake. Hilo tu. Nimelisema kwa sauti mara ya kwanza, kwa msichana wa miaka ishirini na moja, sakafuni maktabani.

Kisha akasema, "Lakini mzee wangu, si umwambie yeye?"

Nikasema kesho.

Akaniapisha. Nikaapa. Akauweka ukuta kando, akalibandika benchi peke yake, akasimama mbele ya profesa na kumwambia ukweli wote, ila jina la mwenye dirisha. Mimi nilijificha nyuma ya rafu ya vitabu vya bustani, nikihofia alama zake. Profesa alicheka hadi akavua miwani. Akasema viwanja vingi vya nchi hii vimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni meya. Nele ameshinda. Firmin amepewa njia ya matufe, pembeni, karibu na pipa.

Jumapili, 17 Machi

Sijaenda kumwambia. Mvua.

Jumapili, 24 Machi

Sijaenda. Jua kali mno. Nimekuwa "nikimpelekea shangazi" supu tatu wiki hii, yaani Clothilde analeta, mimi nakunywa. Kila anapokuja naandaa sentensi. Anapovua glavu inanipotea.

Jumamosi, 20 Aprili

Limejengwa! Wanafunzi walikuja na mbao, misumeno na redio. Nele mwenyewe alikaza skrubu za mwisho. Akaniuliza kwa macho kama nimeshasema. Nikajifanya natafuta kalamu.

Walipoondoka nikakaa. Jua mgongoni, upepo usoni, dirisha mbele yangu. Maua mekundu yote saba. Nikasubiri atokee.

Hakutokea dirishani. Alitokea mlangoni. Akavuka uwanja na koti la kijivu, akaja akakaa kando yangu, kiasi cha mkono mmoja kati yetu. Kwa hiyo sikuweza kumtazama, kwa sababu nilikuwa nimegeukia dirisha lake, na dirishani hakuwamo. Hili halikuwamo kwenye mipango.

Akasema, "Benchi zuri. Shangazi yako angelipenda."

"Sana."

"Odilon, mlangoni kwako kuna koti moja. Nililiona siku ya kwanza."

Upepo ukanipiga kifuani. Nikamuuliza, sasa supu zile zote?

"Supu nilikuwa nampikia anayeinywa," akasema.

Firmin alikuwa akirusha matufe yake kule pipani, kang, kang, na kujifanya hasikii. Clothilde akakunja glavu zake mapajani. Akasema dada yake Godelieve ameanguka akavunja nyonga, kule mjini Kortrijk, hawezi kuishi peke yake tena. Yeye atahamia kwa dada yake mwezi wa sita. Nyumba ya hapa ameshaitolea taarifa ya kuhama.

Nikatazama maua mekundu.

Akasema Kortrijk si mbali, treni ni nusu saa tu. Akasema Jumapili wanapika chakula cha mchana, na meza ya Godelieve ni ya watu wanne wakati wao ni wawili. Kisha akarudia tena habari ya treni. Sikuelewa kwa nini ananieleza usafiri kwa kirefu vile. Nikamwambia aangalie, ratiba hubadilika kiangazi. Na kwamba lifti za Kortrijk, kwa jinsi ninavyozijua, ni imara.

Akanitazama muda mrefu. Akanigusa mkono juu ya sweta, mara moja, akainuka, akarudi ndani. Baadaye akatokea dirishani, akamwagilia maua. Nilimwona vizuri kabisa. Benchi linafanya kazi. Nilikaa mpaka baridi ikaniondoa, na sijui kwa nini nilikuwa natamani lile guso kuliko dirisha lote.

Firmin alipita na matufe yake mfukoni. Akasimama. Nilidhani atanitania. Akasema tu, "Fundi, wewe ni mpumbavu," kwa sauti ya upole iliyonishangaza.

Jumapili, 21 Aprili

Nimeamka na akili safi. Kosa nimeliona! Benchi halikuwa na kasoro. Liko mji usiofaa, basi.

Kortrijk nako lazima kuna chuo, au hata kama hakuna, Nele na wenzake wanaweza kupanda treni, si ni nusu saa tu. Nimeanza barua tangu kifungua kinywa. "Sisi wakazi wa mtaa huu wa Kortrijk, kwa muda mrefu tumekosa pa kukaa..." Kufikia mchana nilikuwa na saini saba, na zote hazifanani.

Kuna kikwazo kimoja. Clothilde alisema chumba chake kitatazama nyuma, kwenye banda la baiskeli. Nimelifikiria hilo wakati nakula, peke yangu, viazi na yai. Si kitu. Nimeongeza aya.

Wakazi saba kati ya saba wanataka banda lihamishwe.