Wasifu Wangu Umeandikwa, Nami Bado Napumua

Jumatatu, 4 Machi
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Mwenye la kusema aliseme. Haya, naungama: kifo sikiogopi. Namwogopa mdogo wangu! Yeye, karani mstaafu wa posta tunayemwita Stempu, ndiye atakayesoma wasifu wangu siku ya mazishi. Ndiyo desturi ya ukoo. Na leo nimegundua ameshauandika! Kwenye kompyuta ya mkamwana wangu, fundi cherehani, pale sebuleni. Mimi bado napumua! Sentensi ya kwanza: "Marehemu alikuwa mtu wa hila ndogondogo." Mimi! Mwalimu mzima wa jiografia! Nusura nife papo hapo nimrahisishie kazi.

Nimeanza kuandika wangu mwenyewe, kwenye kompyuta hiyohiyo. Wa kwake lazima upotee.

Jumanne, 5 Machi
Nimebeba kioo cha kompyuta, nikakificha uvunguni mwa kitanda. Magoti yalilia njia nzima. Maneno ya Stempu si niliyaona humo? Basi yamo humo. Mkamwana akakikuta alipokuja kufagia. Akaniuliza, Baba, umeng'oa dirisha ukidhani umehamisha nyumba? Kumbe kioo kazi yake kuonyesha tu. Maandishi hukaa kwenye diski, ndani ya lile kasha jeusi chini ya meza. Lile ninaloegeshea miguu!

Alhamisi, 7 Machi
Sasa mimi mjuzi. Kasha, kibodi na kipanya ni mwili. Programu ndizo akili zinazouendesha. Nikalinasa faili la Stempu kwa kipanya, nikalitupa kwenye pipa la taka la kompyuta. Buriani!

Alasiri akaja mwenyewe. Akafungua pipa, akalitoa faili zima, bila mkwaruzo. Akaniambia, kaka, pipa hili halimwagiki mpaka ulimwage. Mtu aliyezoea barua zilizopotea, akasema, hatishwi na pipa. Kisha akaomba chai, akamaliza sukari yangu. Siamini macho yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Pigo la mwisho! Nimeweka nenosiri jipya, kompyuta imefungwa kama kaburi. Neno la kisomi, jina la ziwa moja la mbali. Kabla ya chakula cha mchana nimelisahau.

Mkamwana akataka vipimo vya gauni la bibi harusi, vilivyomo humo kwenye kompyuta. Nikajifanya nimezirai. Akanifunika shuka, akamwita fundi wa kompyuta. Fundi naye hana subira: akafuta kila kitu, akapakia programu upya. Vipimo vimo pia kwenye simu ya mkamwana. Wasifu wa Stempu umo kwenye flashi anayoivaa shingoni kama hirizi. Na wangu? Fundi akaniuliza, mzee, nakala yako iko wapi? Nakala! Nani huweka nakala ya kitu ambacho hakijapotea? Kurasa zote nilizojisifia zimeyeyuka! Nimejililia kama mjane.

Jumapili, 10 Machi
Stempu amekuja kunipa pole. Akanisomea wasifu wake mpaka mwisho. Kumbe ile sentensi ina mkia: "...na hakuna hata moja iliyofaulu, ndiyo maana tulimpenda." Nimeshtuka. Machozi yakanitoka, yake pia. Nikasema moyoni, basi, yaishe.

Kisha akasoma kwamba utotoni yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto. Uongo mtupu! Mimi ndiye niliyembeba, akinipiga mateke ya mbavu niongeze mwendo!

Akasinzia kitini. Nikamvua flashi taratibu, nikaidumbukiza kwenye chai yake. Alipoamka hata hakukasirika. Akaikung'uta, akasema kaka, usijichoshe. Nakala moja iko kwa dada yetu, nyingine kwa mchimba makaburi.

Mchimba makaburi!

Mola, niongezee wiki moja tu. Kesho naanza na dada. Macho yake hayaoni vizuri.