Chipu Ndani ya Treni ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Machi
Baba mkwe kaondoka asubuhi kwenda kwa dada yake. Atarudi Jumamosi. Kichwa cha treni yake ndogo ya mfano, ile inayozunguka relini juu ya meza, kimebaki kabatini. Ni cha chuma, kizee kuliko mke wangu, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Nitakitia chipu. Shemeji, kaka wa mke wangu, katia chipu kwenye cha kwake, sasa anakiongoza kwa kubonyeza vitufe, na Baba anamsifu hata mbele za wageni. Mimi nasifiwa kwa kufunga geti. Mke wangu nimemwambia natengeneza redio.

Jumanne, 7 Machi
Muuza vifaa vya umeme kaniuzia chipu ndogo kama ukucha. Akaanza kunieleza kwamba vichwa vya zamani hupitisha umeme kwenye chuma cha bodi, kwa hiyo kwanza kabisa... Nikamwambia najua. Sikujua. Ila nilimwona Shemeji akiingia dukani, nikatokea mlango wa nyuma.
Mchana nikafungua bodi. Springi ikaruka! Nimetambaa chini ya meza mpaka magoti yakachubuka. Ilikuwa ndani ya kiatu changu. Moyo umerudi mahali pake, nusu.

Jumatano, 8 Machi
Nimelehemu nyaya. Nyekundu huku, nyeusi kule, ya kijivu palipobaki nafasi. Nikakiweka relini. Kikasogea kiasi cha kiganja, kikatoa moshi. Treni ya umeme, moshi! Mke wangu kauliza kutoka jikoni kama redio imeiva. Madirisha yote wazi, chumba bado kinanuka plastiki. Baba akijua, nimekwisha.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemwendea Shemeji. Nikasema kuna rafiki yangu ana tatizo. Kauliza kichwa cha rafiki ni cha rangi gani. Kijani. Kina mkwaruzo ubavuni? Nikasema huenda. Kachukua kipima umeme chake, tukaja nyumbani.
Kumbe mota imegusana na bodi, umeme wa reli ukaingia moja kwa moja kwenye chipu na kuiunguza. Ilitakiwa mota itengwe kwanza. Kaitenga kwa kipande cha plastiki, kafunga chipu yake ya akiba, kaniachia na boksi la kuongozea. Sasa kinateleza taratibu, kimya kabisa. Kasema nimweleze Baba mwenyewe. Nimesema bila shaka.

Ijumaa, 10 Machi
Baba karudi leo! Kwa dada yake wamejaa wageni. Hotuba niliyoiandaa yote ikayeyuka. Nikamwendeshea tu, chumbani kwake. Kichwa kikazunguka meza, kikarudi. Baba kainamisha kichwa, anasikiliza.
"Mngurumo wake uko wapi?"
Nikasema chipu imeuondoa, ndiyo maendeleo.
Akaketi kitandani. Mke wangu ndiye aliyenieleza, kanivutia ukumbini. Mama mkwe alipokuwa mgonjwa, usingizi ulimjia kwa mngurumo ule tu. Baba alikuwa akiiendesha treni mpaka alale. Tangu tumzike, anaiendesha peke yake kila Jumapili.
Nilitamani ardhi ipasuke. Nikarudi chumbani.
"Nisamehe, Baba. Nilitaka unione mtu wa maana."
Kakiinua kichwa cha treni relini, kanikabidhi.
"Nakuona, mwanangu. Sasa kitoe hicho kidude."

Jumamosi, 11 Machi
Shemeji katoa chipu, kaunganisha nyaya kama zamani. Mimi nilishika tochi. Mngurumo umerudi, Baba kafumba macho. Baadaye kasema ni wenyewe, ila anausikia kwa mbali kidogo.
Kwa mbali. Neno hilo limeninyima raha mchana kutwa. Mota nzima, nyaya nzima. Basi kasoro iko kwenye kifaa chake cha kusaidia kusikia, kile anachovaa sikioni na kinachopiga miluzi. Hukivua akijilaza baada ya chakula, hukiweka juu ya kimeza. Sasa hivi kalala. Nimekwenda kukiangalia kwa karibu. Kina skrubu moja tu.