Jinsi Mwalimu Mbizi Alivyomvusha Mama Mkwe Bahari Bila Kuishiwa Mafuta

Sogezeni viti, enyi mpendao kusikia makuu! Habari ndogondogo za wafalme waliotwaa miji na majemadari waliovuka milima ziwekeni kando kwa leo, kwani zimeshasimuliwa vya kutosha na wenyewe wamekwisha kupumzika. Ulimi wa msimulizi usiteleze, pumzi isimwishie katikati, maana anayesimuliwa hapa ni Mwalimu wa hesabu, mume wa Muuguzi, bwana wa stoo, mshika usukani wa dege la injini nne, ambaye Jumamosi moja, mchana kweupe, alipiga hesabu ya mafuta nayo ikatoka sawa.

Msicheke. Hamjui yaliyotangulia.

Nyuma ya jiko la nyumba yake palikuwa na stoo, na humo, kati ya ndoo za rangi iliyokauka na kitanda cha mtoto kilichofumuliwa, Mwalimu alikuwa amejijengea ngome: kompyuta, skrini pana, usukani wa plastiki, na vishikio vinne vya kuziongezea injini moto, ambavyo zamani vilikuwa miiko ya mkewe. Hakurusha ndege za kisasa. Hizo, alisema, zinajihesabia zenyewe mafuta, na rubani wake ni abiria tu aliyevaa kofia. Moyo wake ulikuwa kwa madege ya kale, yaliyostaafu kabla hajazaliwa na sasa yanaishi ndani ya kompyuta peke yake, yenye mishale inayotetemeka kwenye vioo na matangi yasiyomwambia mtu neno mpaka yamekauka.

Nayo madege hayo yalikuwa yamemwadhiri mara mbili. Mara ya kwanza hesabu ilitoka kwa galoni na dege likataka ratili, na galoni moja ya mafuta ni kama ratili sita. Na Mwalimu, aliyeadhibu vizazi vya wanafunzi kwa kusahau kuandika kipimo mbele ya jibu, akasahau kuandika kipimo mbele ya jibu. Akaondoka na sehemu ya sita ya mafuta aliyohitaji, na bahari ikampokea kwa mikono miwili. Mara ya pili alijaza vizuri, ila akausahau upepo wa mbisho, ule unaokuja usoni na kulirudisha dege nyuma kama mgeni asiyetakiwa. Akazama akiwa anauona ufuko.

Kama angezama peke yake, aibu ingeishia stooni. Lakini mara zote mbili alikuwapo shemeji yake, Muuza Magodoro, kaka wa Muuguzi, mtu mwenye sauti iliyozoea kuita wateja walio ng'ambo ya barabara. Akamsimulia mteja, mteja alikuwa na binti kidato cha pili, na Jumatatu darasa zima likasimama na kusema kwa heshima zote, "Shikamoo, Mwalimu Mbizi." Hivyo ndivyo shujaa wetu alivyolipata jina lake.

Sasa siku zikatimia ambapo Mama Mkwe alikuwa anakuja kukaa. Muuguzi akasimama mlangoni mwa stoo, mikono kiunoni, akatamka hukumu.

"Mwalimu, mama anafika Jumamosi. Hiki chumba ni chake, hilo halina mjadala. Ila huo mtambo wako unaweza kuhamia chumbani kwetu, pale pembeni ya kabati."

"Mke wangu! Nuru ya..."

"Sijamaliza. Utahamia kama Jumamosi utavuka hiyo bahari salama, sisi wote tukiona. Ukizama tena, kaka anauchukua. Anataka skrini ya kutazamia mpira. Mimi nimechoka kuulizwa kazini kama mume wangu anajua kuogelea."

Jumamosi asubuhi meza ya chakula iligeuka uwanja wa vita. Ramani ikatandazwa, vikombe vinne vikawekwa kwenye pembe zake kama walinzi, na Mwalimu akaketi katikati na rula na bikari, uso wake ukiwa kama wa mtu aliyeitwa na taifa. Adui alikuwa na vichwa viwili. Dege lingeruka kutoka kisiwa chenye kiwanja kifupi: ukilijaza mafuta kupita kiasi, linakuwa zito, njia inaisha magurudumu yakiwa bado chini. Ukilipunguzia, linaruka kama njiwa na kufa kama jiwe.

"Shemeji, jaza mpaka shingoni uondoke," akanena Muuza Magodoro, huku akipima skrini kwa shubiri zake. "Mbona jambo lenyewe dogo?"

Mwalimu akainua bikari juu kama mkuki.

"Ewe bwana wa sponji! Mafuta nayo yana uzito, na dege hula mafuta ili kubeba mafuta litakayoyala! Nitachukua ya kunifikisha. Nitaongeza ya upepo wa mbisho, ambao leo nimeuuliza habari zake mapema. Nitaongeza ya kuzunguka juu ya mji kama kuna foleni. Kisha nitaongeza ya kunipeleka kiwanja cha pili, kule bara, endapo cha kwanza kitanifungia mlango!"

"Mafuta ya kwenda mahali usipokwenda? Huo si woga, shemeji?"

"Ni hesabu," akasema Mwalimu, akaandika neno *ratili* mbele ya kila jibu, kwa wino mwekundu, akilipigia mstari.

Hapo mlango ukagongwa. Aliingia Mama Mkwe, mwanamke wa umbo la heshima, mabegi matatu na mwavuli. Shikamoo zikamiminika, marahaba zikarudi. Akaitazama meza.

"Mnapanga safari?"

"Mkweo anakwenda kuzama, mama," akasema Muuza Magodoro.

"Na mimi nimo?"

"Mama, ni ndege ya kompyuta," Muuguzi akaeleza.

"Sijauliza ni ya nini. Nimeuliza kama nimo."

Mwalimu akainama. "Umo, Mama. Kiti cha mbele, dirishani."

"Na mabegi yangu?"

"Na mabegi."

Kisha watu wote wanne walilitambua jambo moja kwa pamoja. Kila kinachopanda dege sharti kipimwe. Mwalimu akasimama.

"Mama yangu mheshimiwa," akaanza, "uliyemzaa taa ya nyumba hii, sheria za anga hazina adabu. Upo uzito mmoja ambao hesabu yangu inauhitaji, nami sithubutu kuukisia juu wala kuukisia chini, maana pande zote mbili naliona kaburi langu."

Mama Mkwe akamtazama toka utosi hadi unyayo.

"Andika mifuko miwili ya saruji," akasema. "Na kama dege lako haliwezi kubeba mifuko miwili ya saruji, mimi napanda basi."

Mifuko miwili ikaandikwa. Dege likazidi uzito, na shujaa akalazimika kuchagua: apunguze mafuta ya kiwanja cha pili, au ashushe shehena ya vyerehani ambayo kompyuta ilimkabidhi. Akavishusha vyerehani vyote, kimoja kimoja, vikabaki kisiwani.

Enyi msikiao, mngeliona dege lile likiruka, wote wakiwa wamejibana stooni! Injini nne zilinguruma mpaka vifuniko vya sufuria vikatetemeka jikoni. Njia ya kurukia ikawa inaisha, mitende ikija mbio, Muuza Magodoro akifumba macho ingawa alikuwa amekalia ndoo ya rangi, kisha magurudumu yakaachana na ardhi, na Mama Mkwe akashika mkoba wake kifuani na kusema, "Taratibu, mwanangu."

Saa zikaenda. Muuguzi akapika, akarudi, akakuta bahari ile ile. Upepo wa mbisho ulikuja kama ulivyotabiriwa, ukapiga, ukakuta umeshahesabiwa. Katikati ya maji injini ya tatu ikakohoa, mshale wake ukaanguka, na Muuza Magodoro akaruka wima akipiga kelele, "Hiyo hapo! Nilisema mimi!" Lakini Mwalimu alinyoosha mkono bila kugeuka, akafungua tangi lingine, na injini ikameza mate na kuendelea kuimba.

Ndipo mji ukakaribia. Na juu ya mji, toka pembe hadi pembe, ukungu. Mwalimu akashuka kuutafuta uwanja, akauona weupe mtupu. Akapanda. Akazunguka. Akashuka tena, na safari hii paa la jengo fulani likapita dirishani karibu mno na kiti cha Mama Mkwe.

"Jaribu tena, shemeji!" akahimiza Muuza Magodoro, ambaye macho yake yalikuwa kwenye skrini kwa mapenzi ya namna nyingine. "Uwanja uko hapo hapo chini! Unaogopa nini?"

Jasho lilimtoka Mwalimu. Akaitazama mishale. Akauona mkono wake mwenyewe ukitaka kutii, kwa kuwa mtu aliyeitwa mbizi hutamani sana kufika pale aliposema atafika. Akamtazama mkewe. Muuguzi alisimama na mwiko mkononi, akingoja kama anavyongoja mgonjwa aamue kumeza dawa.

"Hapana," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote. "Tunakwenda bara."

Akaligeuza dege. Mafuta ya kwenda mahali asipokwenda yakawaka, galoni kwa galoni, na baada ya vilima fulani vya kijani ukatokea uwanja mtupu wenye jua, na magurudumu yakagusa chini kwa ulaini kama mtu anayeweka kikombe mezani mtoto akiwa amelala.

"Hakufika!" Muuza Magodoro akainuka kwa kishindo. "Ulisema avuke, dada! Huu sio mji alioutaja!"

Muuguzi akafungua mdomo, lakini Mama Mkwe alikuwa ameshasimama, mwavuli mkononi kama fimbo ya enzi.

"Wewe, niguse hapa begani. Nimelowa?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Bahari iko wapi?"

"Nyuma yetu, mama."

"Basi kaa chini." Akamgeukia mkwewe. "Ahsante, mwanangu. Mabegi nitayachukua mwenyewe."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingia chumbani kwao, na sote tulio hai tuyajue aliyoyatenda: alilisukuma kabati kwa bega lake mwenyewe, likakwaruza sakafu, mpaka pembeni pakapatikana nafasi ya kiti kimoja na ndoo ya kukalia msaidizi.

Hivyo vizazi na viambiwe, na wenye kalamu waandike kwa wino usiofutika, kwamba palikuwa na mtu aliyeushinda upepo, akaushinda ukungu, akaishinda hata hamu yake mwenyewe ya kuonekana. Na alipozizima injini, moja, ya pili, ya tatu, ya nne, ndani ya matangi ya lile dege lisilokuwepo yalikuwa yamebaki mafuta yasiyokuwepo, mengi, ya akiba, nayo yamo humo hadi leo.