Mshazari wa Mkwe Wangu

Ndugu Mwenyekiti wa Klabu ya Gofu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba nyasi zenu zinaendelea kumea bila bughudha. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Maisha yangu yote ya kazi nimepiga chapa malalamiko ya watu wengine. Hili ni la kwanza la kwangu mwenyewe, kwa hiyo nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Ninaishi kwa binti yangu, mhandisi wa madaraja, ambaye yuko ng'ambo kikazi. Nyumbani tumebaki wawili: mimi na mumewe, daktari wa meno, mwanachama wenu mpya. Ni mtu mpole, msafi wa mikono, na hajawahi kunijibu vibaya. Namsifu hapa mwanzo kwa sababu huko mbele sitapata nafasi.

Mambo yalianza kuharibika siku mwalimu wenu wa gofu alipomwambia kwamba mshazari wa fimbo yake umesimama mno. Kwa faida ya wajumbe waliojiunga kwa ajili ya chai, mshazari ni ile njia inayopitwa na fimbo hewani, ikipanda nyuma ya bega na kushuka kwenye mpira. Inatakiwa ilale upande, kama gurudumu lililoegemezwa ukutani. Ikisimama mno, mpira unakwenda kwa jirani. Ikilala mno, unakwenda kwa jirani wa upande wa pili. Elimu hii nimeipata bila kuiomba, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Sebule yetu haipo tena. Makochi yamesukumwa ukutani kama yanasubiri kuhojiwa. Kioo kirefu cha kabati la nguo kimeng'olewa na kusimamishwa karibu na meza ya chakula ili daktari ajione anapopandisha fimbo, kwa hiyo mgeni anayekula kwetu analazimika kujitazama akitafuna. Wageni wamepungua sana. Taa ya dari ilivunjika, tukaweka nyingine, nayo ikavunjika wakati daktari ananionyesha jinsi ile ya kwanza ilivyovunjika. Sasa tunatumia taa ya mezani, ambayo kwa usalama wake tunaiweka chini ya meza.

2. Mimi mwenyewe nimegeuzwa kifaa. Kila akitoka kazini, daktari hunipa ufagio niushike mpini wake sambamba na sikio lake, ukiwa umeinama, ili fimbo ipite chini yake bila kuugusa. Mkwe wangu, Mwenyekiti, mtu ambaye kwa heshima zetu nilikuwa nampisha mlangoni, leo ananiambia: "Samahani mama, shusha kidogo. Hapo hapo. Usipumue." Nami sipumui. Siku moja fundi cherehani wa jirani alichungulia dirishani akanikuta nimemwekea mkwe mpini shingoni, naye amefumba macho akiomba samahani. Mtaa mzima umeshaambiwa kwamba nampiga. Dukani napishwa kwenye foleni. Wapo kina mama wawili waliokuja kwa siri kuniuliza nilianzaje.

3. Wagonjwa wanaathirika. Dereva mmoja wa lori alilala kwenye kile kiti cha kliniki, mdomo wazi, umejaa pamba, akaulizwa na daktari kama kwa maoni yake kiwiko kikae karibu na mbavu au kiachiwe kidogo. Dereva alitoa sauti. Daktari aliichukua kama kura ya kuachia, akaja nyumbani na kubadilisha kila kitu tulichokuwa tumekijenga kwa wiki nzima.

4. Ndoa ya binti yangu imeingia mashakani. Anapopiga simu ya video, mumewe huiegemeza simu kwenye chombo cha maua na kusogea mbali ili aonekane ubavuni, mzima mzima. Binti alitaka kuambiwa kwamba amekumbukwa. Badala yake aliona mgongo ukigeuka. Alivumilia, kisha kwa kuwa ni mhandisi na damu haijifichi, akasema mshazari huo umelala mno. Mwalimu anasema umesimama mno, mke anasema umelala mno. Daktari akanigeukia mimi. Nilikuwa na nia ya kusema sijui.

5. Nikasema kiwiko cha kulia kinatoroka. Hili nalilalamikia kuliko yote, Mwenyekiti, kwa sababu ni kweli, na sikuwa nimepanga kulijua. Tangu hapo sina raha. Nikimwona mtu anafagia uwanja, namwona jinsi anavyokosea. Kwenye kikao cha wastaafu mwenzetu alinyanyua nyundo ya mbao kutuliza ukumbi, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia amefungua bega mapema. Kumbukumbu za kikao zimeandika kwamba nilipinga hoja.

6. Jumamosi iliyopita daktari aliniomba nimsindikize uwanjani kwenu niwe shahidi. Nilivaa viatu vya raba. Mwalimu wenu, kijana mwenye kofia nzuri, alimtazama akipiga mpira mmoja ulioingia kwenye maegesho ya magari, na mwingine uliowafanya ndege wote wahame mti. Halafu akamwambia, nanukuu: "Daktari, sahau yote. Piga tu kawaida."

Sahau yote! Nilisimama pale nikiwa na ufagio wangu, maana niliuleta, nikahisi kama karani aliyepiga chapa kesi nzima akaambiwa pande zote mbili zimepatana nje ya mahakama.

Kwenye gari daktari hakuwasha injini. Alishika usukani akasema, "Mama, labda mimi sikuumbwa na mshazari." Alisema kwa sauti ile watu wanayoitumia wakiambiwa jino haliokoleki. Nilimwambia, "Mwanangu, washa gari, twende, hakuna mtu aliyezaliwa nao." Aliwasha. Njia nzima alisimamisha gari hata kwenye taa za kijani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kamati yako ichague mojawapo kati ya haya.

Kwanza, mwalimu wenu amtamkie daktari, mbele ya mashahidi, kwamba mshazari wake sasa ni sahihi na kwamba hahitaji tena kufanya mazoezi nyumbani. Kama si kweli, asiseme kwa kirefu.

Pili, ikiwa dhamira ya mwalimu itamkatalia, basi uwanja wenyewe uinuliwe upande mmoja mpaka ufuate mshazari wa daktari. Nimeona greda limeegeshwa bila kazi kando ya barabara kuu. Kuinamisha uwanja ni kazi ya siku chache, wakati kumnyoosha daktari wa meno tumeshaona inavyotuchukua. Wanachama wengine wataanza kukosea, nakubali, lakini wao wana wakwe zao.

Tatu, kama yote mawili yanashindikana, nifukuzeni mimi. Sikuwahi kuwa mwanachama, lakini nikipata barua rasmi ya kufukuzwa nitakuwa na sababu ya kuukataa ufagio bila kumvunjia heshima mume wa binti yangu.

Nitashukuru kwa jibu la maandishi. Nisalimie wajumbe wote wa kamati, wakata nyasi, yule mama wa mapokezi aliyenipa kiti bila kuniuliza ufagio ni wa nini, na mwenye gari jeupe, ambaye tumempa pole.

Wako katika usumbufu,
Mama mkwe wa mwanachama wenu,
Karani wa Mahakama (mstaafu)

Baada ya sahihi: Nilikuwa bado natafuta bahasha daktari aliporudi kutoka uwanjani leo mchana, akipiga honi tangu kona. Mpira umenyooka. Mwalimu amempa mkono na kumwambia mshazari ameupata, nyumbani apumzike. Nilipiga makofi, akanikumbatia, kisha akarudisha makochi yote mahali pake.

Tumekula. Amesema, "Asante kwa chakula, mama," nami nimesema karibu, akaenda chumbani kwake na gazeti. Inabidi nikueleze kitu ambacho hapo juu sikukiandika. Kabla ya gofu, tangu binti asafiri, hivyo ndivyo tulivyoishi humu ndani: asante mama, karibu baba, na mlango unafungwa taratibu. Nilikuwa nafahamu sauti zote za friji.

Kwa sababu hiyo naomba ukurasa wa kwanza na wa pili usisomwe. Greda liacheni. Mwalimu wenu ni mtu wa maana, lakini ni kijana, na huenda leo jua lilimpiga machoni. Amwangalie daktari tena, kwa makini, bila haraka. Hakuna haja ya kumvunja moyo. Amwambie tu, kwa upole, kwamba bado kidogo.