Ombi la Kuzuia Filamu ya Binti Yangu Isionyeshwe Jumamosi

Kwako Mlezi wa Kituo cha Vijana,

Pokea salamu zangu. Mimi ni fundi wa mafriji, karakana yangu ni ile yenye mlango wa bati inayotazamana na bucha. Mimi na wewe hatujuani kwa sura, lakini kamera yako naijua vizuri, kwa kuwa imekaa nyumbani kwangu kama shemeji: haina siku ya kuondoka, na kila mtu anaambiwa asiisumbue.

Nimeelezwa kwamba kituo chako kinawapa watoto wa miaka kumi na sita kamera, kinawafundisha kutengeneza filamu, kisha kinawafungulia ukumbi ili watu waje kuzitazama. Siwezi kusema nia yako ni mbaya. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, ila hawakusema umwongezee taa na kipaza sauti. Kwa heshima na taadhima, naomba usimamishe onyesho la Jumamosi, uchukue kamera yako, na unirudishie binti yangu kama alivyokuwa. Sababu zangu ni hizi.

1. Kazi yangu ni ya kelele. Friji bovu hulijui kwa kulitazama, unaliwasha ukalisikiliza linavyokoroma. Sasa binti yangu akiinua mkono na kusema, "Kimya, tunarekodi," karakana nzima hukaa kimya, mimi mwenye karakana nikiwemo. Juzi nilizima friji la mteja ili watu wawili waagane mlangoni kwangu. Waliagana asubuhi yote, na mchana bado walikuwepo. Samaki wa mteja waliharibika. Alipokuja kulalamika, akaombwa arudie kulalamika akiwa amesimama dirishani, penye mwanga. Akarudia. Nakiri kwamba mara ya pili alilalamika vizuri zaidi.

2. Mke wangu alikuwa mtu wa busara zake. Siku hizi tukikorofishana hukatiza katikati, akauliza kama tunaweza kuanza upya kwa sababu hakuipenda sauti yake. Mimi ugomvi wangu ni wa mkupuo mmoja. Ukirudiwa, nakosa hoja.

3. Filamu ilihitaji msiba. Mama yangu mzazi akachaguliwa kuwa marehemu, naye alikubali kabla hawajamaliza kumwomba. Turubai likafungwa uani, viti vikaazimwa, majirani wakaambiwa waje na nyuso za huzuni. Hakuna aliyekumbuka kwamba dada yangu mkubwa anaishi mji wa pili na ana mashoga mtaani kwetu wenye simu. Alifika alasiri akiwa ameshikwa huku na huku, anamlilia mama, akamkuta mama amekaa kitini anakunywa chai na kuteta kwamba hakulazwa upande wake mzuri. Dada akazirai. Mpiga kamera hakuacha kurekodi. Naambiwa hicho ndicho kipande bora cha filamu nzima.

Alipozinduka, dada aliapa kwamba hatakanyaga kwangu maisha. Kisha akaonyeshwa alivyoanguka. Hajaondoka hadi leo, anangoja filamu ya pili, na analala kitandani kwangu. Mama naye amezoea kufa. Ukimwuliza kama amemeza dawa zake, hufumba macho na kuuachia mkono uning'inie.

4. Hili ndilo zito, na hayo mengine niliyaandika ili nipate ujasiri wa kufika hapa. Katika filamu yumo baba wa msichana mhusika mkuu. Ni fundi wa mafriji. Anavaa ovaroli kama yangu; kwa kweli ni yangu, ilitoweka kwenye kamba. Aliyepewa nafasi hiyo ni muuza nyama wa hapo ng'ambo, mtu anayeshika bisibisi kana kwamba anataka kuchuna ngozi. Nilimwuliza binti yangu kwa nini hakuniita mimi. Akanijibu bila ubaya wowote, "Baba, wewe una kazi nyingi. Na huyu baba inabidi asikilize."

Nimelibeba jibu hilo siku kadhaa, nimejikunja nyuma ya mafriji ya watu. Liliniuma, Mlezi, sikufichi.

Kwa hiyo kosa ni la kituo. Binti yangu asingepewa kamera, asingeona kitu. Asingeona, asingesema. Na asingesema, mimi ningeendelea kuwa baba mzuri kama nilivyokuwa. Nashauri vijana wapewe nafasi ya kutengeneza filamu wakishatimiza miaka hamsini, wakati wazazi wao macho yameshafifia. Na ukumbi ubaki na kufuli Jumamosi. Kama ni lazima utumike, itisheni mkutano, maana mkutano haujawahi kumfundisha mtu chochote.

Nisalimie walimu wote wa kituo, mlinzi wa getini, na yule binti mshika kipaza sauti, umwambie kandambili zake ziko kwetu. Mama anakusalimu sana. Ni mzima.

Ni mimi mwenye uchungu,
Fundi Mafriji,
baba wa mwongozaji wa filamu

N.B. Bahasha ilikwisha fungwa niliposikia kwamba muuza nyama amekaukiwa sauti kwa mafua, na kipande cha mwisho bado hakijarekodiwa. Nikaona si vibaya kuyajua maneno ya baba, kwa tahadhari tu. Ni machache: "Mwanangu, hebu nionyeshe ulichotengeneza." Nilikuwa nayakariri karakanani, nimeupa mlango mgongo, najaribu sauti hii na ile, kumbe binti yangu amesimama nyuma yangu. Akavuta stuli, akakaa karibu nami, akanionyesha filamu yote ilipofikia. Mteja alipiga hodi, nikamwambia asubiri. Tafadhali fungua ukumbi, tutakuja wote. Na usije ukamwambia kwamba yale maneno yangu yalikuwa mazoezi.